Je, imbwa inastahili mbuzi mbili?

Katika Kinande tunaiita embwa, katika Kiswahili cha hapa Kirumba tunaiita imbwa, na katika vitabu vya masomo wanaandika mbwa. Majina matatu, lakini tusi ni moja. Mtu akikasirika sokoni, akitaka kumuumiza mwenzake kabisa, atamwambia: "Weye imbwa!" Ng'ombe na mbuzi nao wana matusi yao, ila hayachomi namna ile. Walakini mtu huyo huyo aliyetukana, ikifika saa mbili ya usiku, anafunga mlango na kusikiliza kama imbwa yake iko inazunguka nyumba. Asipoisikia, halali vizuri.

Wenzetu wengi wanapenda kuandika juu ya mbuzi, na wana haki. Kwetu Wayira mahari inahesabiwa kwa mbuzi, na hata leo ambapo watu wanaleta feza katika bahasha, wazee wanaendelea kusema "mbuzi fulani" na kila mtu anaelewa bei. Sisi tumechagua imbwa, ambayo haikuingia katika mahari hata siku moja. Na tunataka kuzungumzia swali ambalo wazee wetu hawakulijibu, sababu kwao halikuwako: imbwa ikigonjwa sana, ugonjwa wa kupasuliwa na munganga, mtu wa kawaida anaweza kutoa feza ngapi bila kuonekana mjinga?

Babu yetu alikuwa muwindaji. Alikuwa anaingia msitu wa upande wa Bunyatenge na wenzake, wakiwa na nyavu, mikuki na imbwa nne au tano. Kila imbwa ilivalishwa kengele ya mti shingoni, maana imbwa za zamani za msituni hazikubweka sana, na bila kengele hungejua ziko wapi. Hilo si hadithi ya babu tu. Wazungu walipozikuta imbwa hizo za Kongo walishangaa kwa ukimya wao, wakazipeleka kwao. Mwaka 1895 zilionyeshwa Uingereza, zikafa upesi kwa ugonjwa wa imbwa za huko. Ni mnamo 1937 tu ndipo zilianza kukaa na kuzaa vizuri. Leo zinajulikana dunia nzima kwa jina la Basenji, yaani imbwa za watu washenzi. Ndiyo kusema sisi wenyewe ndio tunatajwa katika jina hilo, na imbwa yetu inauzwa Ulaya kwa feza ambazo babu hangeweza kuzihesabu. Tuendelee.

Nyama ikipatikana, imbwa iliyoishika ilikuwa na sehemu yake. Haikuwa zawadi, ilikuwa haki. Anayeinyima sehemu hiyo alisemwa kuwa mchoyo, na uwindaji uliofuata ungeharibika. Nguruwe wa msitu akiichana imbwa tumbo, babu aliosha kidonda kwa maji ya moto na chumvi, akashona kwa uzi wa kutoka migombani, akaweka majani aliyoyajua yeye. Halafu imbwa ililala jikoni, karibu na moto, mahali ambapo siku zingine ingefukuzwa kwa fimbo. Nyingine zilipona, nyingine zilikufa. Iliyokufa alikuwa anaizika katika migomba, yeye mwenyewe, bila kuita mtu.

Tunasema hayo kwa sababu kuna watu siku hizi wanaosema kwamba kuitunza imbwa ni mambo ya wazungu. Si kweli. Wazee waliitunza. Tofauti ni hii: dawa ilitoka shambani, na munganga alikuwa mwenye imbwa mwenyewe. Utunzaji ule ulichukua muda na mikono, haukuchukua feza. Kwa hiyo hakuna mzee aliyelazimika kusimama mbele ya jamaa na kusema: nimetoa kiasi hiki kwa ajili ya imbwa. Mila haikukataza. Mila haikuwahi kuulizwa.

Sisi tuliulizwa katika mwezi wa munane 2021.

Imbwa yetu inaitwa Tutaona. Tulifuata desturi ya babu, ambaye alipa imbwa zake majina ya kutuma ujumbe kwa majirani. Ukiwa na ugomvi na mtu juu ya mpaka wa shamba, huendi kumtukana. Unaita imbwa yako jioni kwa sauti kubwa, na mwenye masikio atasikia. Sisi hatukuwa na ugomvi na mtu. Tuliiita Tutaona kwa sababu ya mushahara wa mwalimu: kila tulipouliza utalipwa lini, jibu lilikuwa hilo.

Siku ya soko, moto moja yenye mzigo wa ndizi iliigonga mbele ya nyumba, katika barabara kubwa ya namba 2 inayotoka Goma kuelekea Butembo. Mguu wa nyuma, wa kuume, ulivunjika juu ya goti na mfupa ukatoka nje. Dereva alisimama, akatuomba radhi, akasema hana kitu. Tuliona kweli hana kitu. Tuliita kijana mmoja ambaye anachanja mbuzi na kuku kwetu. Aliosha, akafunga kwa vipande vya mti, akapiga sindano ya antibiotiki. Alifanya kazi yake vizuri. Lakini siku ya tano kidonda kilianza kunuka, na yeye mwenyewe akatuambia: "Mwalimu, hii inanipita. Iko ya Butembo."

Msomaji wa Kirumba anajua maana ya neno hilo, "iko ya Butembo". Ni zaidi ya kilometa mia, na barabara ile, wakati wa mvua na wakati wa jua, si ya kusifia. Lakini Butembo iko na bahati ambayo miji mingi ya Kongo haina. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanza mwaka 1989, kina kitivo cha uganga wa wanyama. Kuna pia ISEAVF, inayofundisha kilimo, uganga wa wanyama na mambo ya misitu. Kwa hiyo vijana waliosomea kazi hiyo wako, katika nchi ambamo mtoto akisema anataka kuwa veterineri wazazi wanamuuliza kama amekosa alama za kuingia udaktari wa kweli.

Tulimpigia simu mmoja wao. Alitusikiliza, akauliza kwanza swali ambalo hatukulitarajia: "Imbwa ilichanjwa ugonjwa wa raji? Muko na kadi?" Tulikuwa na kadi. Ndipo akatueleza. Mguu hauwezi kuokoka. Ungekatwa ukiwa na siku tano au ungeiua imbwa ukiwa na siku kumi. Angeilaza kwa dawa ya usingizi, ketamini pamoja na zilazini, akate, ashone, halafu aichunge siku nne. Dola 70 kwa upasuaji na dawa ya usingizi. Dola 25 kwa dawa na bendeji. Tukiongeza moto ya kwenda na kurudi, dola 40, jumla ilikuwa 135. Ilikaribia mushahara wetu wa mwezi. Mbuzi kubwa wakati ule sokoni ilikuwa inafika dola 60. Ndiyo kusema: mbuzi mbili, na mguu wa ya tatu.

Feza zilikuwako. Hapa tusijifanye maskini kuliko tulivyo. Tulikuwa tumeuza magamba ya kinkina, na zile feza tulikuwa tumeziweka kwa ajili ya mabati ya jikoni. Kwa hiyo swali halikuwa kama tunaweza. Lilikuwa kama ni halali.

Baba yetu mudogo, ambaye ndiye mkubwa katika jamaa tangu baba alipofariki, alikuja jioni ile bila kuitwa. Alikaa. Alikunywa chai. Imbwa ilikuwa inalalamika pole pole nyuma ya nyumba. Halafu akasema: "Mwana wetu, nimesikia unataka kupeleka imbwa ku lopitalo." Tukasema ndiyo. Akasema: "Binti ya jirani yenu iko ku lopitalo tangu juma mbili. Alizaa kwa kupasuliwa. Mutoto iko muzuri, mama iko muzuri, lakini hawatoke, sababu ya deni. Weye unapita mbele ya mulango wao na imbwa juu ya moto. Watasema nini?"

Tumefundisha miaka mingi, na tumezoea kujibu wanafunzi wajanja. Kwa baba mudogo hatukuwa na jibu. Alichosema kilikuwa kweli. Katika nchi yetu mzazi anaweza kupona na kubaki amefungwa kitandani kwa ajili ya faktiri, na kila mtu anayesoma ukurasa huu anajua nyumba moja iliyopitia hapo.

Aliyejibu ni mama watoto. Alisimama mlangoni, sufuria mkononi, akamkumbusha baba mudogo usiku wa mwezi wa kwanza 2020, wezi walipokuja wakiwa na panga na wakavunja boma. Tutaona ilibweka na kuwashika miguu mpaka majirani wakatoka na filimbi. Mbuzi sita zilibaki bomani. Mbili kati yake zilikuwa za baba mudogo mwenyewe. "Baba," akasema, "imbwa iliokoa mbuzi sita. Sisi tunairudishia mbili. Bado iko inatudai."

Baba mudogo alicheka. Alihesabu kwa vidole, tena kwa uzito, kama mtu anayehesabu mahari. Akasema: "Kama ni vile, muende." Na katika mtaa hesabu ile ndiyo iliyosimuliwa: mwalimu analipa deni la mbuzi. Hakuna aliyetucheka tena.

Lakini tuseme ukweli kwa wasomaji wetu, maana kijitabu hiki si cha kusifiana. Hesabu ile ilitusaidia, na hatukuipenda. Kama Tutaona ingekuwa imbwa mvivu, inayolala wezi wakipita, bado tungeipeleka. Kijana wetu wa mwisho alijifunza kutembea akiishika mkia. Alipokuwa na homa ya malaria ililala chini ya dirisha lake na haikula. Hizo ndizo sababu zetu, na hizo hatukuweza kuzisema mbele ya baba mudogo, sababu katika mila yetu upendo kwa mnyama unafanywa, hausemwi. Babu alizika imbwa zake bila kuita mtu. Angesema kwa sauti kwamba analia, wangemwona mgonjwa. Basi tulijificha nyuma ya mbuzi sita.

Na binti wa jirani? Walimu tuko na likelemba yetu, kila mwezi mmoja anapokea. Mwezi ule aliyepaswa kupokea alikubali kusubiri, na feza zile zilikwenda lopitalo pamoja na za kanisa na za wajomba zake. Sisi tulitoa sehemu yetu kama wenzetu, dola kumi. Alitoka baada ya siku tisa nyingine. Hatusemi hivyo ili mizani ikae sawa. Haikai. Mtu anaweza kutuuliza kwa nini kumi upande huu na 135 upande ule, na hatutamkasirikia. Tunachoweza kusema ni kwamba deni la lopitalo halizaliwi na imbwa yetu, na kama Tutaona ingekufa, zile feza zingekuwa mabati. Hakuna aliyewahi kuja kutuambia kwamba mabati ya jikoni yanamfunga mama mzazi.

Huko Amerika swali hili wamelitengeneza kwa njia yao. Wanalipa bima ya imbwa kila mwezi, kama sisi tunavyotoa likelemba. Inasemwa kwamba mwaka 1982 kampuni moja ilianza kazi hiyo kwa kuandikisha Lassie, ile imbwa ya sinema. Upasuaji wa mguu kule unaweza kufika maelfu ya dola, na watu wanaingia deni kwa ajili yake, wanagombana na mabibi zao kama tulivyogombana sisi na baba mudogo. Wao pia wana watu wanaolala njiani. Kwa hiyo tusidhani kwamba utajiri unamaliza swali. Unaongeza sifuri tu.

Na hapa kwetu kumekuwako imbwa zenye munganga. Katika Parki ya Virunga, kule Rumangabo, tangu 2011 walianza kufundisha imbwa za kunusa, zenye masikio marefu, kwa kusaidiwa na munganga wa wanyama kutoka Uswisi. Mwaka 2012 zilifuata njia ya wawindaji waliokuwa wameua tembo. Imbwa zile zilikuwa na walinzi wao, chakula chao kilichopimwa, chanjo zao. Hatuoni wivu, zilikuwa kazini, na walinzi wa parki wengi walikufa katika kazi hiyo. Ila tunaona kwamba katika nchi hii hii imbwa inaweza kuwa na kadi ya hospitali au kupigwa mawe, na tofauti si imbwa yenyewe.

Jambo moja tunalisema kama walimu, si kama wenye imbwa. Upasuaji wa mguu ni mambo ya nyumba: anayeweza afanye, asiyeweza asilaumiwe. Chanjo ya raji si mambo ya nyumba. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili zake kwa mtu, karibu hakuna anayepona, hata katika lopitalo kubwa za Ulaya. Kila mwaka watu wapatao 59,000 wanakufa kwa raji duniani, zaidi Asia na Afrika, na karibu wote waliambukizwa na imbwa. Watoto nao ni wengi kati yao. Pasteur alimponyesha kijana Joseph Meister mwaka 1885, kwa chanjo aliyopewa kabla ya dalili kutokea, na hata leo njia ni hiyo tu: kuwahi. Mtoto akiumwa na imbwa, kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni, robo saa nzima bila kuacha, halafu aende kituo cha afya siku ile ile. Si pilipili, si mafuta ya moto. Wataalamu wanasema imbwa saba katika kumi zikichanjwa, ugonjwa unakosa njia. Katika darasa letu la biolojia tuliuliza wanafunzi ni nani mwenye imbwa nyumbani. Mikono mingi ilipanda. Tukauliza nani ameona kadi ya chanjo. Mikono ilishuka, ikabaki miwili.

Tutaona ilirudi Kirumba siku ya sita, juu ya moto, katika kitunguli, ikiwa na shingo ya plastiki iliyokatwa katika bidoni ya njano. Watoto wa mtaa walitufuata wakiimba. Juma la kwanza ilikuwa inaanguka kila ikigeuka. Juma la tatu ilikimbiza kuku. Wale walioapa kwamba imbwa ya miguu mitatu ni mkosi walikuja kuangalia, wakatoa ushauri juu ya namna ya kuilisha.

Mwisho wa mwezi wa sita 2024, Kanyabayonga ilipoanguka tarehe 28 na vita ikafika Kirumba, tulitoka kwa miguu pamoja na dunia nzima, kuelekea Kaseghe na Alimbongo. Hatukuifunga kamba na hatukuiita. Ilikuja. Miguu yake mitatu ilitembea kama minne ya mbuzi zilizokuwa zinasukumwa mbele yetu, na zaidi, maana mbuzi zilikuwa zinakataa. Njiani tulipata Fuso yenye nafasi. Dereva alisema watu ndiyo, imbwa hapana. Halafu akasema imbwa ndiyo, lakini bei ya mbuzi. Kabla hatujafungua mdomo, baba mudogo, ambaye alikuwa amekaa juu ya gunia la maharagwe na amefunga kichwa kwa taulo, alitoa feza katika soksi yake akamlipa, akatwaa imbwa katika shingo na kuipandisha. Hakusema kitu juu ya hesabu. Mpaka Lubero aliishika kati ya magoti, sababu gari lilikuwa linaruka sana.

Sasa tuko Butembo, katika nyumba ya kupanga, watu tisa katika vyumba viwili. Mwenye nyumba alikataa imbwa mwanzoni. Baada ya miezi miwili, wizi ukiwa umeongezeka katika kartie, alikuja mwenyewe kutuuliza kama ile ya miguu mitatu inaweza kuzaa.